Jinsi ya kuandika blogu na machapisho ya mitandaoni yanayosomeka kwa kisoma skrini

Kisoma skrini ni programu inayotamka kwa sauti yale yaliyomo kwenye skrini ya simu au kompyuta, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu ambacho msomaji hukipapasa kwa vidole. Kwenye kompyuta za Windows, wasioona wengi hutumia JAWS, ambayo ilianza mwaka 1989 na huuzwa kwa bei ambayo wachache huimudu, au NVDA, ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, akaungana naye mwenzake asiyeona James Teh, na ambayo hutolewa bila malipo. Kwenye iPhone imo VoiceOver tangu mwaka 2009, na kwenye simu za Android imo TalkBack. Kwa kuwa simu janja nyingi zinazotumika Afrika Mashariki ni za Android, mwandishi wa Kiswahili anayetaka kujua msomaji wake asiyeona anasikia nini na aanze kwa kuifahamu TalkBack.

Programu hizi haziutazami ukurasa kama jicho linavyoutazama. Huchukua maandishi pamoja na alama za msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yaliyofichwa nyuma ya ukurasa, zinazoeleza kwamba hiki ni kichwa, hiki ni kiungo na hiki ni kitufe, kisha huvitamka kimoja baada ya kingine kwa mfuatano wake. Rangi nyekundu, herufi kubwa na nafasi iliyoachwa kwa makusudi havimfikii msikilizaji. Picha nayo humfikia kama kitu kilichofungwa, ambacho ama kimeandikiwa maelezo au hakikuandikiwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba suala hili ni la mafundi wa tovuti peke yao. Fundi ana sehemu yake, nayo nitaifikia, lakini madhara mengi hufanywa na sisi tunaoandika na kubandika kila siku.

Maneno yabaki kuwa maneno

Kosa kubwa kuliko yote katika kurasa za Kiswahili ni kuyageuza maneno kuwa picha. Tangazo la kikao, ratiba ya mazishi, nafasi za kazi, bei za bidhaa na hata taarifa ya ofisi ya umma hutengenezwa kama bango lenye rangi, au huchapwa kwenye karatasi, kupigwa muhuri na kusainiwa, halafu karatasi hiyo ikapigwa picha na kurushwa mtandaoni. Juu yake huandikwa neno moja tu: “Tangazo”, au “Taarifa kwa umma”. Anayeona husoma yote kwa nusu dakika. Asiyeona husikia “Taarifa kwa umma”, kisha “picha”, kisha chapisho linalofuata. Atalazimika kumwomba mtu mwingine amsomee, pengine hata jambo linalohusu afya yake au fedha zake, ambalo hakutaka mtu mwingine alijue.

Dawa yake ni rahisi: andika maneno yote ya bango katika mwili wa chapisho lenyewe. Ikiwa bango linasema kwamba kikao kitafanyika Jumamosi saa nne asubuhi katika ukumbi wa shule, na kwamba kila mjumbe aje na kitambulisho, basi sentensi hiyo hiyo iandikwe chini ya picha. Hakuna haja ya kuliondoa bango. Ninaelewa kwamba muhuri na saini huwahakikishia watu kwamba taarifa si ya kughushi, na katika mitandao iliyojaa barua bandia hilo si jambo dogo. Lakini barua iliyopigwa picha inaweza kukaa pamoja na maandishi yake, kila kimoja kikafanya kazi yake. Maandishi yana faida nyingine ambazo hata anayeona atazipenda, kwa sababu hunakiliwa, hutafutwa kwa injini za utafutaji, na hufunguka haraka kwa mwenye bando dogo.

Faili za PDF zina tatizo lilelile. Waraka uliochapwa kwa kompyuta na kuhifadhiwa moja kwa moja kama PDF hubeba herufi halisi, na kisoma skrini huusoma. Waraka uliochapishwa karatasini, ukasainiwa, kisha ukaskaniwa ni picha tupu, hata kama jina lake linaishia kwa PDF. Ili kuutambua, jaribu kuteua neno moja kwa kidole au kipanya: neno likikataa kuteuliwa, waraka huo ni picha. Taasisi za umma zina wajibu zaidi katika hili, kwani Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unadai katika ibara yake ya 21 kwamba taarifa zinazotolewa kwa umma ziwafikie watu wenye ulemavu katika miundo wanayoweza kuitumia, kwa wakati na bila gharama ya ziada.

Maandishi mbadala ya picha

Picha isiyo ya maneno huandikiwa maandishi mbadala, yaani maelezo mafupi ambayo hayaonekani kwenye ukurasa lakini hutamkwa na kisoma skrini kinapoifikia picha. Yasipokuwepo, msomaji husikia “picha” bila lolote, au jina la faili kama lilivyotoka kwenye kamera, na ikiwa picha yenyewe ni kiungo, huenda akasomewa anwani ndefu ya mtandao herufi kwa herufi.

Katika WordPress, mfumo wa kutengenezea blogu na tovuti, ukiigusa picha ndani ya kihariri, yaani sehemu ya kuandikia makala, kisanduku cha maandishi mbadala hujitokeza kwenye mipangilio iliyo pembeni. Blogger nayo ina nafasi hiyo katika mipangilio ya picha. Katika mtandao wa X, picha ikishapakiwa, hujitokeza kitufe cha kuongeza maelezo, na unaruhusiwa kuandika hadi herufi 1,000. Instagram ina sehemu hiyo tangu mwaka 2018, ingawa imeiweka ndani ya mipangilio ya ziada ambayo wengi hawaifungui kabla ya kubandika. Facebook huandika maelezo yake yenyewe kwa mashine tangu mwaka 2016, na mtumiaji anaweza kuyabadilisha kwa kuihariri picha. Yabadilishe. Mashine inaweza kusema kwamba huenda pichani kuna watu wawili wamesimama. Haiwezi kujua kwamba ni bibi harusi na baba yake mzazi aliyesafiri kutoka Kigoma. WhatsApp haina kisanduku cha namna hiyo, kwa hiyo huko maelezo yaandikwe kama maneno yanayoambatana na picha.

Kuandika maelezo haya ni ufundi wa uandishi kama ulivyo mwingine, na mtu huuzoea. Swali la kujiuliza ni kwa nini picha hiyo imewekwa hapo. Chukua picha ya muuza samaki katika soko la Feri jijini Dar es Salaam. Makala ikiwa ni ya kupanda kwa bei, maelezo yanayofaa ni haya: “Muuza samaki katika soko la Feri akiwa nyuma ya meza yenye samaki wachache, wanunuzi wawili wanatazama bila kununua.” Makala ikiwa ni ya usafi wa masoko, picha hiyo hiyo ingeelezwa kwa kutaja meza, maji yaliyotuama na ndoo zisizofunikwa. Maelezo yasemayo “picha ya soko” hayasemi chochote, na yasemayo “picha inayoonesha” yanapoteza muda, kwa sababu kisoma skrini kimekwisha kutamka kwamba hiyo ni picha. Sentensi moja au mbili hutosha mara nyingi. Ukiwa na mchoro wa takwimu, taja kinacholinganishwa na hitimisho lake katika maandishi mbadala, kisha uziweke tarakimu zenyewe kwenye jedwali au aya chini yake.

Picha ya pambo tupu, kama vile mstari wa maua unaotenganisha aya, haihitaji maelezo. Katika WordPress kisanduku chake huachwa kitupu, na kisoma skrini huiruka. Nimeona blogu zinazojaza kila pambo kwa maneno ya kuvutia injini za utafutaji, jina la blogu likirudiwa mara kumi katika ukurasa mmoja. Huo ni usumbufu mtupu kwa anayesikiliza.

Vichwa na viungo

Anayeona huupitia ukurasa kwa kutupa jicho. Asiyeona huupitia kwa kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine: katika NVDA hubonyeza herufi H, na katika TalkBack huchagua kusogea kwa vichwa na kutelezesha kidole. Njia hiyo hufanya kazi endapo tu vichwa ni vichwa kweli. Mwandishi akiikoleza wino sentensi na kuikuza herufi ili ifanane na kichwa, kisoma skrini huiona kuwa ni aya kama nyingine, na makala yenye maneno 3,000 hugeuka kuwa barabara ndefu isiyo na kituo. Tumia kitufe cha kichwa kilichomo ndani ya kihariri. Jina la makala ni ngazi ya kwanza, sehemu zake ni ngazi ya pili, na vijisehemu vya ndani ni ngazi ya tatu. Usichague ngazi kwa sababu umependa ukubwa wa herufi zake.

Viungo navyo huorodheshwa. Mtumiaji wa NVDA akibonyeza Insert pamoja na F7 hupata orodha ya viungo vyote vya ukurasa, vikiwa vimetengwa na sentensi zake. Hebu fikiria orodha ya viungo kumi na viwili vyote vikiitwa “bonyeza hapa” au “soma zaidi”. Andika badala yake “fomu ya maombi ya mkopo wa wanafunzi” au “ratiba ya boti za Unguja na Pemba”, yaani maneno yanayojitosheleza hata yakisomwa peke yake.

Tangaza kwamba ukurasa ni wa Kiswahili

Jambo hili hutajwa mara chache katika miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine, nalo linatuhusu kuliko wengine. Kila ukurasa wa wavuti una alama ya lugha katika msimbo wake, na visoma skrini vingi huifuata alama hiyo katika kuchagua sauti ya kusomea. Blogu nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa mipangilio ya awali ya Kiingereza, hivyo ukurasa unajitangaza kuwa ni wa Kiingereza huku maneno yake yote ni ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba “pole sana kwa mke wake” husomwa kwa matamshi ya London au ya Marekani, na msikilizaji hubaki akibahatisha. Sauti za Kiswahili zipo: eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja pamoja na NVDA, ina Kiswahili, na huduma ya matamshi ya Google kwenye simu za Android inayo pia.

Fungua mipangilio ya blogu yako na uchague Kiswahili kuwa lugha ya tovuti. Ikiwa mfumo unaoutumia haukitoi Kiswahili katika orodha yake, mwombe fundi abadilishe alama iliyo katika mstari wa juu wa msimbo wa ukurasa isomeke lang="sw"; ni kazi ya dakika chache. Ukinukuu aya nzima ya Kiingereza au Kifaransa ndani ya makala, aya hiyo nayo inaweza kuwekewa alama ya lugha yake. Kwa neno mojamoja la kigeni usijisumbue, kwa sababu sauti inayobadilikabadilika kila baada ya sekunde mbili huchosha.

Alama za reli, emoji na herufi za mapambo

Alama ya reli yenye maneno yaliyoungana iandikwe kwa kuanza kila neno kwa herufi kubwa, kama #MajiSafiKwaWote, ili kisoma skrini kiyatenganishe maneno. Ikiandikwa yote kwa herufi ndogo hutamkwa kama neno moja lisiloeleweka. Emoji moja mwishoni mwa sentensi haina ubaya. Kumi mfululizo hutamkwa kila moja kwa jina lake, na wewe uliyeweka nyuso kumi za kicheko umemfanya mtu asikilize “uso unaocheka kwa machozi” tena na tena kabla ya kupata habari. Wapo wanaoweka nyota na bendera katika jina la akaunti, na hao huwalazimisha wasomaji kuzisikia kila wanapofikia chapisho lao, kwa kuwa jina husomwa kwanza.

Herufi za mapambo zinazonakiliwa kutoka kwenye tovuti za mitindo ya maandishi, zile zinazofanana na mwandiko wa mkono au zilizokolea ndani ya duara, zinahitaji onyo kali zaidi. Hizo kwa kompyuta si herufi za kawaida. Nyingi ni alama za hisabati katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta, na kisoma skrini hutamka jina refu la kila alama au hunyamaza kabisa, hivyo jina la biashara yako lililoandikwa kwa mtindo huo linaweza lisiwepo kwa msomaji asiyeona.

Video

Video fupi yenye muziki na maneno yanayopita juu ya skrini bila mtu kuzungumza ni kimya kwa asiyeona. Tamka kwa mdomo kila kinachoonekana na chenye maana: badala ya kusema “changanya hiki na hiki mpaka iwe hivi”, sema “changanya unga vikombe viwili na tui kikombe kimoja mpaka uwe mzito kama uji”. Manukuu yanayoandikwa chini ya video huwafaa viziwi, nao ni kundi lingine lenye haki yake, lakini hayachukui nafasi ya sauti. Video isianze kucheza yenyewe ukurasa unapofunguka, maana sauti yake huifunika sauti ya kisoma skrini, na mtumiaji hawezi kusikia kitufe cha kuizima kiko wapi.

Sehemu ya fundi

Mwenye WordPress anayechagua mwonekano mpya wa tovuti anaweza kuchuja orodha ya miundo ili ibaki ile iliyowekewa lebo ya kufikika kwa watu wenye ulemavu. Miundo mizuri kwa macho ambayo haimo humo huweza kuwa na menyu zinazofunguka kwa kipanya tu na vitufe visivyo na jina, ambapo msomaji husikia “kitufe, kitufe, kitufe”. Madirisha yanayoruka usoni yakimtaka msomaji ajiunge na kundi la WhatsApp ni adha kwa kila mtu, lakini kwa asiyeona huweza kuwa kifungo: dirisha limeufunika ukurasa, alama ya kulifunga ni mchoro wa msalaba usioandikiwa jina, na kisoma skrini kinaendelea kusoma yaliyo nyuma yake. Yaondoe. Katika fomu ya maoni, kila kisanduku kiwe na lebo halisi, na fumbo la kutambua picha za magari au taa za barabarani lisiwe njia pekee ya kuthibitisha kwamba mtu si roboti.

Rangi ya maandishi dhidi ya mandharinyuma huwahusu wenye uoni hafifu, ambao wengi wao hutumia macho na kisoma skrini kwa pamoja. Miongozo ya kimataifa ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iitwayo WCAG, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, inadai uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo.

Zipo kampuni zinazouza kijiprogramu cha kuongeza kwenye tovuti kwa ahadi kwamba kitarekebisha kila kitu chenyewe kwa akili bandia. Usinunue. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba mojawapo ya kampuni hizo italipa dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha wateja kuhusu uwezo wa bidhaa yake. Akili bandia haijui kwa nini uliiweka picha ile, na kijiprogramu hakiwezi kuyarudisha maneno uliyoyafungia ndani ya bango.

Kujisikiliza

Hakuna kipimo kizuri kuliko kusikia mwenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, ukibonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kwa sekunde tatu, TalkBack huwaka, na ukifanya hivyo tena huzimika. Jifunze kuizima kabla ya kuendelea, maana ikishawaka namna ya kugusa skrini hubadilika. Telezesha kidole kulia kwenda kwenye kitu kinachofuata, na gonga mara mbili ili kukifungua. Kwenye kompyuta ya Windows pakua NVDA, fungua ukurasa wako, bonyeza H upite kwenye vichwa na G upite kwenye picha, kisha ujaribu kutuma maoni bila kugusa kipanya. Funika skrini kwa kitambaa, kwa sababu jicho hulijazia sikio mapengo bila wewe kujua.

Vipo pia vipimaji vya bure, kama vile WAVE cha shirika la WebAIM la Marekani, ambalo tangu mwaka 2019 huchunguza kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1 na kukuta makosa katika zaidi ya kurasa 9 kati ya kila 10, picha zisizo na maandishi mbadala zikiwa miongoni mwa makosa ya kawaida zaidi. Kipimaji hukuonesha picha isiyo na maelezo, lakini hakiwezi kukuambia kwamba maelezo uliyoandika ni ya uongo au hayana maana. Kwa hilo mwombe msomaji asiyeona aupitie ukurasa, na umlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mhariri.

Blogu yenye miaka kumi haiwezi kurekebishwa kwa siku moja. Tazama takwimu zako uone ni makala zipi bado zinafunguliwa, uanze na hizo, na ndani yake uanze na mabango ya maneno kabla ya picha za mandhari. Matangazo ya vikao vilivyokwisha kupita yaache kama yalivyo.